Hasi ya Hadubini Si Hasi ya Katriji

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, swali ambalo wengi walidhani limefungwa limefunguka tena huku magharibi mwa Kenya: makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na TB yapimwe kwa njia gani? Kwa miaka mingi fedha za wafadhili zimebeba sehemu kubwa ya mzigo wa katriji za GeneXpert (mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB, na kila kipimo hutumia katriji moja) na wa boda boda wanaochukua makohozi zahanati na kuyafikisha hospitali yenye mashine. Kila katriji zinapoadimika, husikika kauli mbili. Ya kwanza inasema hadubini ipo, imetambua TB kwa zaidi ya miaka mia moja, turudi kwayo na maisha yaendelee. Ya pili inasema hadubini imepitwa na wakati, kwa hiyo asiye na katriji asipime kabisa, amtume mgonjwa mjini.

Kauli zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinachukulia kwamba vipimo hivi vinajibu swali moja na vinatofautiana kwa kasi na gharama tu. Hoja yangu ni kwamba vinajibu maswali tofauti, na hatari kubwa imejificha katika neno moja fupi la fomu ya maabara: hasi. Mtu wa Mbita akipimwa kwa hadubini, na mwingine wa Kondele akapimwa kwa katriji ya Ultra, toleo jipya la katriji za GeneXpert, wote wakarudishiwa karatasi yenye neno hilo, hawajaambiwa jambo moja. Wa kwanza ameambiwa kwamba makohozi yake hayana bakteria wengi. Wa pili ameambiwa kwamba makohozi yake yana bakteria wachache mno au hayana kabisa. Hadubini huanza kuona pale mililita moja ya makohozi inapokuwa na bakteria 5,000 hadi 10,000. Ultra huanza kuona kwenye bakteria 16 hivi. Pengo hilo ni la zaidi ya mara 300, na ndani yake wamo wagonjwa wengi wanaorudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Ili kuona pengo hilo linatoka wapi, tuitazame slaidi kwa karibu. Mtaalamu wa maabara huchagua sehemu nzito ya makohozi, ile yenye usaha, akaipaka kwenye kioo kwa upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 2. Huiacha ikauke yenyewe, kisha huipitisha juu ya moto ili ishike. Huifunika kwa rangi nyekundu ya kaboli fuksini na kuipasha kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda, bila kuiacha ichemke wala ikauke, halafu huisubiri dakika kadhaa. Baada ya kuisuuza humwagia tindikali iliyochanganywa na alkoholi, ambayo huivua rangi kila kitu isipokuwa bakteria wa TB, kwa kuwa ukuta wao una nta inayoing'ang'ania nyekundu. Mwisho hupaka methilini bluu kwa dakika moja. Bakteria, kama wapo, huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa bluu, chini ya lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000.

Sasa tupige hesabu. Makohozi yaliyopakwa kwenye kioo hicho ni kama sehemu moja ya mia ya mililita. Eneo zima lina duara za kutazama, yaani sehemu inayoonekana kwenye lenzi kwa mara moja, zipatazo 10,000, na mtaalamu anatakiwa asome 100 kabla ya kuandika hasi. Yaani anasoma asilimia 1 ya slaidi, ambayo nayo imebeba asilimia 1 ya mililita. Makohozi yakiwa na bakteria 5,000 kwa mililita, kioo kizima kina 50, na katika duara 100 atakazotazama hutarajia kukutana na nusu ya bakteria mmoja. Kumkosa hapo hakutokani na uzembe wa mtu. Ndivyo kipimo kilivyo. Ndiyo sababu viwango vya kuripoti vina ngazi: bakteria 1 hadi 9 katika duara 100 huandikwa kwa idadi yake kamili, 10 hadi 99 ni jumlisha moja, na kuendelea hadi jumlisha tatu, ambapo kila duara lina zaidi ya bakteria 10.

Hapo nimezungumzia slaidi iliyotengenezwa vizuri. Rangi isiyochujwa huacha fuwele nyekundu ambazo macho yaliyochoka huzisoma kama bakteria. Rangi isiyopata joto la kutosha haipenyi ukuta wa nta. Makohozi yakipakwa mazito mno hubanduka wakati wa kusuuza. Yakipakwa membamba mno hakuna cha kusoma. Wataalamu wazoefu huinua slaidi iliyokauka, kabla ya kuitia rangi, sentimita chache juu ya karatasi yenye maandishi: herufi zikisomeka kupitia kwenye makohozi, unene unafaa. Maji ya bomba nayo yanaweza kuwa na bakteria wa jamii hiyo hiyo wanaoishi kwenye mazingira, na wakinaswa kwenye slaidi hupata nyekundu vile vile. Juu ya yote, kusoma duara 100 kwa makini huchukua dakika tano au zaidi, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine huweza kusoma slaidi 20 au 25 kwa siku kabla macho hayajaanza kumdanganya. Katika kituo ambacho mtu huyo huyo ndiye anayepima malaria, damu, mkojo na sukari, duara 100 hugeuka 30 bila mtu yeyote kukusudia. Hadubini ya mwanga wa LED na rangi ya auramini hupunguza tatizo hili, kwa kuwa bakteria hung'aa kwenye giza na husomwa kwa ukuzaji mdogo, hivyo eneo kubwa hupitiwa kwa muda mfupi. Hupata wagonjwa zaidi kwa takriban asilimia 10. Lakini rangi yake hufifia kwenye mwanga. Slaidi iliyoachwa mezani karibu na dirisha mpaka kesho yake haina tena ushahidi.

Kwa nini jambo hili liume zaidi Nyanza kuliko sehemu nyingine? Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini kikiwa asilimia 4.9. Homa Bay kilikuwa 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3. Bakteria wanaomwagika kwenye makohozi hutoka hasa kwenye mashimo yanayochimbika ndani ya pafu, na mashimo hayo huchimbwa na mapambano ya kinga ya mwili yenyewe. Kinga ikidhoofika, mapambano hupungua, mashimo hayatokei, na makohozi hubaki na bakteria wachache ingawa ugonjwa umesambaa mwili mzima. Kwa hiyo mgonjwa aliye hatarini zaidi kufa ndiye ambaye hadubini humkosa mara nyingi zaidi. Kipimo kinachowaona wenye nguvu na kuwapita wanyonge hakiwezi kuitwa mbadala wa kawaida katika kaunti za kando ya ziwa.

Wala tusidhani suala hili ni la VVU peke yake. Utafiti wa kitaifa wa TB uliofanyika kuanzia 2015 hadi 2016, uliopima watu 63,050, ulikuta wagonjwa 305 waliothibitishwa kwenye maabara, sawa na 558 kwa kila watu wazima 100,000. Wengi wao hawakuwa na VVU. Hadubini iliwagundua chini ya nusu yao. GeneXpert iliwagundua zaidi ya robo tatu. Hao ni watu waliokutwa vijijini na mitaani mwao, wengi wakiendelea na kazi zao, kabla ugonjwa haujawalaza. Anayesema turudi kwenye hadubini kama zamani anasema, hata kama hakukusudia, kwamba nusu hiyo nyingine isubiri iumwe zaidi.

Katriji hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Makohozi huchanganywa na dawa yake kwa kipimo cha moja kwa mbili: mililita 1 ya makohozi, mililita 2 za dawa. Hutikiswa kwa nguvu mara 10 hadi 20, huachwa dakika 10, hutikiswa tena na kuachwa dakika 5 zaidi, mpaka yawe majimaji yasiyo na mabonge. Dawa hiyo huua bakteria, jambo linalomlinda mhudumu. Mililita 2 za mchanganyiko huvutwa na kuingizwa kwenye katriji, na kuanzia hapo mikono ya mtu haihusiki. Ndani, kichujio hunasa bakteria, huoshwa, kisha mawimbi ya sauti huwapasua na DNA yao hurudufishwa mara nyingi hadi ionekane. Toleo la awali, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, huchukua karibu saa mbili. Ultra, lililopitishwa 2017, huchukua chini ya dakika 80. Vyote viwili husoma pia kipande cha jeni kinachoonyesha kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa ambayo ndiyo uti wa mgongo wa matibabu. Hadubini haiwezi kusema lolote kuhusu usugu, hata ikiwa na bakteria elfu mbele yake.

Mashine nayo ina udhaifu wake, na wanaoisifu bila kuutaja wanatupotosha. Makohozi yaliyobaki na uzi wa kamasi huziba njia ndani ya katriji, shinikizo hupanda, na mashine hutoa hitilafu badala ya jibu. Stima ikikatika dakika ya 60, katriji imepotea, na kama betri ya akiba haidumu mpaka jenereta iwake, katriji zote nne zilizo ndani ya mashine zimepotea kwa mpigo. Mashine inataka chumba chenye nyuzi joto kati ya 15 na 30. Mchana wa Februari Kisumu, chumba chenye paa la mabati na kiyoyozi kilichokufa hupita hapo mapema, ilhali Nakuru, kule juu kwenye baridi, shida hiyo haisikiki sana. Katriji zenyewe zisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 28. Vumbi la barabara za murram huziba kichujio cha feni kama halisafishwi. Mashine ya kawaida ina moduli nne, na kila moduli hupima sampuli moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku ya kazi hutoa majibu kama 16. Moduli hutakiwa kukaguliwa usahihi wake kila mwaka, au baada ya vipimo 2,000. Mbili zikifa bila kubadilishwa, hospitali bado huhesabiwa kuwa ina GeneXpert, ingawa foleni yake imekuwa maradufu. Ukiuliza kaunti ina mashine ngapi, utajibiwa haraka. Ukiuliza moduli ngapi ziko hai leo, hapo ndipo utajua hali halisi.

Kipimo cha kuotesha bakteria kwenye maabara ndicho bado kinachotumika kuvipima vipimo vingine. Kinaweza kugundua bakteria 10 hadi 100 kwa mililita, na kinathibitisha kwamba wako hai, jambo ambalo katriji haiwezi kulisema. Lakini makohozi lazima kwanza yasafishwe kwa magadi makali ili kuua bakteria wengine wanaokua haraka, na hapo kuna mizani nyembamba: dawa ikikaa kwa muda mfupi, chupa hujaa uchafu, ikikaa kupita kiasi, bakteria wa TB wenyewe hufa na jibu hutoka hasi ya uongo. Chupa za majimaji husubiriwa siku 42 kabla ya kutamkwa hasi. Mashariki hadi magharibi mwa nchi maabara zenye ulinzi wa kutosha kufanya kazi hiyo ni za kuhesabu, ikiwemo ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, Kisumu. Mgonjwa wa kawaida hawezi kusubiri wiki sita, kwa hiyo njia hii ni ya kesi za usugu, za matibabu yanayoshindwa, na za utata.

Kuna pia ukanda wa mkojo, uitwao LAM, ambao haupimi makohozi kabisa. Matone ya mkojo, mikrolita 60, huwekwa kwenye ukanda na kusomwa baada ya dakika 25. Ni wa watu wenye VVU tu, hasa waliolazwa au wenye kinga ya chini sana, na huwaona wale ambao hadubini huwakosa, kwa kuwa ugonjwa wao umesambaa hadi kwenye figo. Mistari hafifu ndiyo inayowasumbua wahudumu. Ukanda usomwe kwa kulinganishwa na kadi yake ya rejea, katika mwanga wa kutosha. Kipimo hiki hakihitaji stima wala boda boda, na katika kaunti zenye VVU kwa wingi kingestahili kuwa kwenye kila wodi.

Sasa tuzipime hoja. Watetezi wa hadubini wana hoja moja nzito: wenye bakteria wengi kiasi cha kuonekana kwenye slaidi ndio wanaoambukiza zaidi, kwa hiyo ukiwapata hao umekata mnyororo. Ni kweli kwa sehemu. Utafiti wa San Francisco uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba wasioonekana kwenye hadubini walichangia takriban asilimia 17 ya maambukizi mapya yaliyofuatiliwa. Asilimia 17 si ndogo, na hesabu hiyo ni ya wale wanaoambukizwa, haigusi swali la mgonjwa mwenyewe, ambaye hutakiwa apone bila kujali anaambukiza wangapi.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi na haisemwi vya kutosha. Jaribio kubwa lililofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, matokeo yakachapishwa 2014, lililinganisha GeneXpert iliyowekwa kliniki na hadubini. Wengi zaidi walianza dawa siku ile ile upande wa GeneXpert, lakini baada ya miezi kadhaa hali za wagonjwa wa pande zote mbili zilikuwa karibu sawa. Sababu kubwa ni kwamba upande wa hadubini, matabibu hawakuiamini hasi. Waliangalia dalili na picha ya kifua, wakawaanzishia wengi dawa hata hivyo. Baadhi ya watu husoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba mashine haina faida. Mimi nayasoma kinyume: yanaonyesha kwamba hadubini huwa salama pale tu tabibu anapojua kwamba hasi yake si hasi kamili. Tabibu kijana wa leo, aliyezoea majibu ya Ultra tangu alipohitimu, akirudishiwa slaidi na kuisoma kwa imani ile ile, hana tena kinga hiyo ya mashaka.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi kwenye vikao vya bajeti: tuanze na hadubini kwa kila mtu, halafu katriji tuziweke kwa wachache, tutaokoa pesa. Ukiifuata hatua kwa hatua, inaporomoka. Mtu aliyeonekana na bakteria kwenye slaidi anahitaji katriji, kwa sababu lazima tujue kama rifampisini itamfaa kabla ya kumpa dawa za miezi sita. Mtu ambaye hakuonekana naye anahitaji katriji, kwa sababu tumekwisha kuona hadubini hukosa nusu. Kwa hiyo kuanza na slaidi hakuokoi katriji hata moja, isipokuwa tuwe tumeamua kimya kimya kulitupa moja ya maswali mawili: ama tusijue usugu, ama tusiwatafute waliokoswa. Uamuzi huo ukilazimu, basi ufanywe wazi na watu wanaowajibika, uandikwe, usifichwe ndani ya mchoro wa hatua za upimaji. Na gharama ya slaidi isihesabiwe kwa kioo na rangi peke yake. Katriji, ambayo kampuni ya Cepheid ilitangaza Septemba 2023 kuwa imeshushiwa bei hadi dola 7.97 kwa nchi zenye mzigo mkubwa, huonekana ghali ukiilinganisha na kioo. Lakini mtu wa kisiwa cha Mfangano anayevuka maji mara ya pili kwa sababu slaidi ya kwanza haikusema kitu, amelipia tofauti hiyo kutoka mfukoni mwake.

Zipo njia za kweli za kuokoa katriji. Moja ni picha ya kifua kutangulia: asiye na dalili na pafu lake likaonekana safi hahitaji katriji kwanza, na programu za kompyuta zinazosoma picha hizo zilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani 2021. Nyingine ni kuchanganya makohozi ya watu wanne kwenye katriji moja, kisha kupima mmoja mmoja pale tu mchanganyiko unapokuwa chanya. Faida yake hutegemea wangapi ni wagonjwa. Kama mmoja kati ya kumi ana TB, uwezekano wa wanne wote kuwa hasi ni karibu asilimia 66, na kwa wastani utatumia katriji 2.4 badala ya 4. Huo ni uokoaji wa asilimia 40. Kama ni mmoja kati ya wanne, kama inavyoweza kuwa kwenye wodi ya kifua, utatumia 3.7, na usumbufu wa kurudia utakuwa umekula faida yote. Kwa hiyo kuchanganya kunafaa gerezani Nakuru, kwenye upimaji wa wavuvi ufuoni, au shuleni, hakufai wodini. Na kwa kuwa kila mtu anachangia robo tu, mwenye bakteria wachache sana anaweza kuzama. Basi wenye VVU na watoto wasichanganywe.

Upande wa pili, wanaodai Ultra kwa kila mtu nao wasikilize hesabu. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha Ultra hupata takriban 91 kati ya wagonjwa 100, na toleo la awali 85. Lakini Ultra huwaita wagonjwa pia watu 4 au 5 kati ya 100 wasio na TB, dhidi ya 1 au 2 wa toleo la awali. Chukua watu 1,000 wanaokohoa kliniki, 100 kati yao wakiwa na TB. Ultra itawapata 91, na itawaita wagonjwa watu 40 ambao si wagonjwa. Hiyo inavumilika. Ipeleke Ultra hiyo hiyo sokoni, kwa watu 1,000 ambao 20 tu wana TB: itawapata 18, na itawaita wagonjwa watu 43 wasio na ugonjwa. Sasa chanya nyingi ni za uongo. Tatizo huzidi kwa mtu aliyewahi kutibiwa, kwa maana katriji huona DNA ya bakteria waliokufa zamani. Ndiyo sababu majibu ya kiwango cha chini kabisa, yale yanayoitwa mabaki, hayaleti jibu la rifampisini na hayapaswi kusomwa sawa kwa wote. Mwenye VVU au mtoto huanzishiwa dawa. Mtu mzima asiye na VVU, na hasa aliyemaliza dawa miaka miwili iliyopita, atoe makohozi mapya na aangaliwe historia na picha yake kwanza.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoipa hadubini kazi ambayo hakuna anayeweza kuinyang'anya. Mgonjwa aliye kwenye dawa hufuatiliwa mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho. Katriji haifai hapo. Itaendelea kusema chanya kwa muda mrefu kwa sababu ya mabaki ya waliokufa. Slaidi inayoshuka kutoka jumlisha tatu hadi sifuri inasema dawa inafanya kazi. Slaidi inayobaki jumlisha mbili mwezi wa tano inatuma makohozi Kisian moja kwa moja. Kwa hiyo anayetaka kutupa hadubini atawapotezea wagonjwa wanaotibiwa macho pekee waliyo nayo karibu.

Kabla ya kipimo chochote, lakini, kuna chupa. Mate hayana TB ya kupima. Mgonjwa asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, akohoe kutoka chini ya kifua, na mililita 3 hadi 5 za kitu kizito ndizo zinazotakiwa, nje penye hewa, mbali na watu. Mfuniko ukazwe. Makohozi yanayosubiri katriji yanavumilia siku 3 chini ya nyuzi 35, lakini yaliyo njiani kwenda kuoteshwa lazima yawe kwenye kisanduku cha baridi, la sivyo uchafu utaota kwanza. Boda boda anayepita kila Jumanne na Ijumaa ni bora kuliko anayepita akipigiwa simu, kwa sababu mhudumu hujua siku ya kuwaita wagonjwa. Mtoto asiyeweza kukohoa hupimwa kinyesi kwa katriji ile ile. Hili bado vituo vingi havijalizoea.

Kinachofuata kwa kaunti si kuchagua kati ya kioo na katriji. Kuna fungu la bajeti la matengenezo ya moduli, ambalo mara nyingi halimo kabisa kwenye mipango kwa sababu mashine ililetwa na mfadhili. Kuna mafuta ya pikipiki. Kuna ripoti ya kila mwezi inayopaswa kuonyesha siku ngapi zimepita kati ya chupa kutolewa na jibu kusomwa kitandani, na moduli ngapi zimekufa. Na kuna fomu yenyewe, ambayo kuibadilisha hakugharimu chochote. Neno "hasi" lisiandikwe tena peke yake. Mahali pake, kwa hadubini, paandikwe: "Hakuna bakteria walioonekana katika duara 100. TB haijaondolewa. Tuma makohozi kwa katriji, na kama mgonjwa ana VVU, pima mkojo leo." Kwa Ultra paandikwe: "DNA ya TB haikuonekana. Kama dalili zinaendelea, rudia baada ya kupata makohozi bora." Tabibu wa zahanati ya mbali, mwenye foleni ya watu 60 mlangoni, atasoma mstari huo kabla ya kuandika dawa ya kikohozi.